Mhesabu Kete wa Muraqqabat

Kasha lilifumuka mlango wa basi ulipofunguka tu. Ilikuwa kituoni Satwa, Dubai, Alhamisi alasiri, watu wametoka kazini na kila mmoja anataka kiti. Katikati yao Rumaisa wa Kisauni, Mombasa, alisimama akitazama kete za madamu wake zikirukaruka lamini kama bisi kikaangoni.

"Ya Rabi! Msikanyage, jamani, msikanyage!"

Basi likamwacha. Aliinama, buibui lake lenye pindo la zambarau likafagia vumbi, ndipo akaona mikono mingine inaokota. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, kizibao cheusi cha mhudumu wa hoteli kakiweka begani. Wala hakuokota ovyo. Alizipanga ukingoni mwa njia: zenye mianzi peke yake, zenye duara peke yake, zenye maandishi peke yake, kisha pepo na majoka.

"Mia moja thelathini na sita," akasema. "Zimetimia. Hushukuru, dada?"

"Nitashukuru nikishahesabu mwenyewe."

Alihesabu kweli, huku kijana anangoja akicheka kwa ndani. Zilitimia.

"Ahsante. Na we umezijuaje kete za majongi, mchezo huu wa Wajapani, kwani?"

"Ndiyo kazi yangu. Naitwa Adib, wa Malindi. Kuna hoteli ndogo kule Muraqqabat. Wajapani hukutana pale kila Ijumaa baada ya sala kucheza, na mimi ndiye ninayewahesabia mikono. Mtu akishinda, naitwa niseme mkono wake, zile kete alizokamilisha, una pointi ngapi."

"Astaghfirullah. Kamari?"

"Hakuna hata dirham moja mezani. Pointi na chai tu. Ingekuwa kamari, mamangu angenifuata huku kwa miguu."

Rumaisa akacheka kabla hajajizuia. Naye alikuwa na haja yake. Alifanya kazi Silicon Oasis kwa Madam Hisako, akimtunza mtoto, na mchezo ule hutaka watu wanne. Majirani wakipungua, madamu alimkalisha Rumaisa awe wa nne. Kucheza alikuwa amejua. Kuhesabu ndiko kulikomshinda.

"Nipe namba yako nikufundishe," Adib alisema.

"Nipe yako. Nikitaka kufundishwa, nitapiga."

Alipiga siku ya pili.

Mwaka ule wa 2014, baridi ya Dubai ilipoingia, masomo yalikuwa ya simu, mtoto akiwa shule na Rumaisa akikunja nguo.

"Mkono ukikamilika bila sababu, si kitu," Adib alimwambia. "Hata uwe mzuri vipi. Lazima uwe na jambo moja linalotambulika. Kila jambo ni sababu, na sababu zikiongezeka, pointi zinakwenda maradufu. Haya, tuseme mkono umeanza na punje thelathini, una sababu moja: pointi ngapi?"

"Elfu moja."

"Mbili?"

"Elfu mbili."

"Tatu?"

"Elfu nne."

"Elfu tatu na mia tisa, roho yangu. Hawakupi mia ya bure."

"Nani roho yako?"

Adib akalikwepa swali. "Nne?"

"Elfu saba na mia saba. Nimeuliza, nani roho yako?"

"Huyu anayejua elfu saba na mia saba."

Alimfundisha na mkono mwepesi kuliko yote, uitwao tanyao: kete zote ziwe kati ya mbili na nane, pasiwe na moja, wala tisa, wala upepo, wala joka. "Hata ukiokota kete aliyoitupa mwenzio, bado unahesabika," alisema. Hivyo ndivyo alivyojifunza yeye mwenyewe, kwenye mgahawa wa mtaa wa Karama alikofanya kazi mwanzo. Kwamba kule Muraqqabat karatasi ya kanuni ukutani ilisema vingine, hakukumbuka kumwambia. Mapenzi yana usahaulifu wake.

Ijumaa nyingine walikutana mlangoni mwa hoteli, dakika kumi, mbele ya Zulaika, Mganda aliyekuwa mlinzi pale.

"Nyinyi mnaongea namba tu," Zulaika aliwatania. "Watu wengine husema nakupenda, khalas."

"Hizo ndizo nakupenda zetu," Adib alijibu, na Rumaisa akaficha uso kwa mtandio. Adib akampa siri yake siku hiyo: baada ya mashindano ya kikombe, mamake angempigia shangazi Ghania, aliyemlea Rumaisa, kuleta posa.

Siku ya mashindano, pale hotelini, aliyekuwa acheze pamoja na Madam Hisako aliumwa.

"Rumaisa, you sit," madamu alisema, na Rumaisa akakaa, buibui jipya, mikono imetulia. Alicheza vizuri mpaka mchezo wa mwisho. Akaokota kete iliyotupwa na jirani, akapanga, akangoja. Mzee wa mkono wa kulia akatupa duara sita.

"Ron!" Rumaisa alisema, yaani kashinda, akalaza kete zake. Zote kati ya mbili na nane, na tatu kati yake za bahati, zile zinazoongeza thamani. Elfu saba na mia saba. Kikombe chao! Madamu alipiga makofi.

Adib akaitwa. Alitazama kete, akatazama karatasi ukutani. Hapa tanyao haihesabiki ukishaokota kete ya mwenzio katikati ya mchezo. Na kete za bahati huongeza mkono wenye sababu, hazisimami peke yake.

"Mkono huu," alisema, "hauna sababu."

Rumaisa alitozwa pointi elfu nane kwa kutangaza ushindi usiokuwepo. Kikombe kikaenda meza ya pili. Bwana Kuroda, mkuu wa michezo, akauliza kwa upole, "Who taught her?" Rumaisa akamwinulia Adib macho. Adib akachukua sinia la vikombe. Bibi mmoja alimnong'oneza mwenzake, wala si kwa siri sana, kwamba yaya alidhani angewapenyezea mkono wa uongo.

Adib alisikia. Akaenda na sinia jikoni.

Tangu siku ile Madam Hisako hakusema neno baya. Ila mkoba wake, uliokuwa ukilala juu ya meza ya chakula tangu mwaka wa kwanza, sasa aliingia nao hata bafuni. Rumaisa aliuona mkoba ule kila siku, na kila siku ulimwumiza upya. Mtu akitoka kwao hana mali, jina lake ndiyo mali.

Simu ililia mara kumi na moja kabla hajaipokea.

"Nisamehe, kipenzi. Kosa langu, nilikufundisha kanuni ya Karama."

"Najua kosa lako. Nilijua pale pale."

"Niliogopa. Ningesema mhesabu hajui kanuni zake, wangeniondoa."

"Kwa hiyo ukaniacha mimi niwe mwizi."

"Hawakusema mwizi."

"Mkoba wa madamu unasema, Adib! Umenivunja mbele za watu, halafu unaniunga kwenye simu?"

"Nifanye nini, basi?"

"Mama yako asipige. Mkataba wangu unakwisha Machi. Narudi nyumbani." Akakata. Kisha akaswali, na kwenye sijida akalia, kwa sababu alikuwa akimpenda bado, na hilo hakumficha Mola wake.

Adib alikaa wiki nzima hana raha. Zulaika alimtazama, akashindwa kunyamaza.

"Kaka, we unahesabu mikono ya watu wote. Wako je?"

Ijumaa ya pili baada ya mashindano Madam Hisako alikwenda na Rumaisa, amshikie mtoto. Meza tano zilikuwa zimejaa, kete zinagongana. Adib aliingia bila sinia. Alisimama chini ya ile karatasi, akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, polepole, aeleweke:

"Excuse me, sir, madam. On cup day. The lady did not cheat. I taught her. I taught wrong, and I kept quiet. The shame is mine."

Yule bibi wa minong'ono akatazama kikombe chake cha chai. Bwana Kuroda akanyoosha mkono, akaichukua kalamu ya pointi mfukoni mwa kizibao cha Adib. Hakuwa na hasira. Ila hakuirudisha.

"Tea, please," alisema.

Adib akainamisha kichwa, akaenda kuleta chai. Madam Hisako aligeuka. Alimtazama Rumaisa, akainama mpaka nywele zake zikagusa meza, mbele ya wenzake wote, kisha akamwekea mkoba wake mapajani. "Hold for me, please," akasema, na akarudi kwenye mchezo.

Jioni haijaingia bado, Rumaisa alimkuta Adib nje, karibu na Zulaika, kizibao mkononi.

"Wamekuondoa kwenye hesabu."

"Wameniondoa."

"Unajuta?"

"Najuta wiki mbili nilizochelewa."

Rumaisa alitoa simu, akabonyeza, akangoja, kisha akaibandika sikioni mwa Adib. Upande wa pili sauti ya shangazi Ghania ilisema, "Hujambo we? Mbona kimya?"

Adib, aliyekuwa akitaja maelfu bila kuvuta pumzi, akagugumia.

"Shikamoo shangazi. Mimi... mimi ni..."

"Wa kete?"

"Ndiye."

"Marahaba. Mamako atazungumza nami kesho, hayo ni ya wakubwa. Wewe nakuuliza moja tu. Unamtaka mwanangu?"

"Namtaka, shangazi."

"Sikusikii, mwanangu. Kuna magari."

Adib alitazama barabara ya Muraqqabat: wauza simu, wapishi wanaovuta hewa mlangoni, Wajapani wawili wanaotoka hotelini, Zulaika na kofia yake ya kazi. Akavuta pumzi.

"Namtaka Rumaisa!" akapaza sauti, na mtaa mzima ukageuka.

Rumaisa alijifunika uso kwa viganja. Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Zulaika. Cha pili kilitoka ndani ya simu.