Wimbo wa Kumshusha

Ilianza na miayo. Munga akiwasha gemu yake sebuleni, Jumwa, mkewe, hupiga miayo huko jikoni, mirefu, mpaka machozi yamtoke. Akiizima, nayo hukoma. Walicheka tu, Munga akimtania kwamba gemu hii inamchosha hata asiyeicheza.

Gemu hiyo aliibuni mwenyewe kwa ajili ya mashine za zamani, zile za kuchomeka kaseti, maana ng'ambo wapo watu ambao mpaka leo hawataki nyingine. Watu hao walimchangia mtandaoni kabla hajaimaliza, naye akawaahidi kila mmoja kaseti yake. Ahadi ikavuta miaka. Kila akifungua ukurasa wa mchango anakuta maneno makali: kaseti ziko wapi, tumeliwa, wewe ni tapeli. Ilimuuma, kwa kuwa tapeli hakuwa. Alikuwa mwepesi wa kuahidi, basi. Mwisho akazipeleka zote posta ili wamnyamazie.

Kilichosifiwa na wote ni muziki, na hapo ndipo alipoharibu. Marehemu mama yake Jumwa alikuwa na pepo, na kwao Mwakirunge alikuwa akipigiwa ngoma: wimbo wa kumpandisha pepo, aulizwe anataka nini, apewe, kisha wimbo wa kumshusha. Munga alirekodi yote kwa simu. Mama alipofariki, wazee walisema pepo atamtaka Jumwa. Jumwa akakataa katakata. Ameokoka, akasema, na kiti cha pepo hatakuwa. Ngoma ikawekwa, mambo yakatulia. Sasa Munga akautia wimbo huo kwenye gemu, lakini kaseti za zamani zina nafasi ndogo, haukuenea wote, naye akaona si neno. Akakata mwisho, ule wa kumshusha, akauacha mwanzo ujirudie.

Adhuhuri moja, gemu ikiwa imezimwa kabisa, Jumwa alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi. Akapiga miayo. Munga akanusa udi, na nyumba ile haifukizwi udi, akainuka kwenda kutazama, akamkuta mkewe ameacha kukuna, mabega yanatikisika, la kushoto, la kulia, taratibu, kama mtu anayeitikia ngoma iliyo mbali, na macho yake yamemtazama Munga bila kumjua, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mkwewe, ambaye alimzika mwenyewe.

"Nimeitwa," ikasema chini chini. "Mbona hamniulizi nataka nini?"

Simu ikalia. Ni Lenox, rafiki yake wa Changamwe ambaye Munga alimwachia kaseti ya kujaribia. "Munga, naicheza saa hii. Muziki mtamu, ndugu yangu."

"Zima," Munga akanong'ona. "Tafadhali, zima."

Lenox akazima. Jumwa akaanguka kando ya nazi yake.

Munga akamwita Bi Nadira, aliyekuwa akimpunga pepo marehemu mama mkwe, na ambaye siku hizi anakaanga viazi karai mtaani Ziwa la Ng'ombe. Alikuja na ngoma, mikono bado ina unga wa dengu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni nani huyo anayepiga wimbo nusu?"

Munga akamsikilizisha muziki wa gemu. Bi Nadira hakungoja urudi mara ya pili.

"Wallahi, mwanangu, umemwita mtu ukamwacha mlangoni. Kila wimbo huu ukipigwa, popote pale, atapanda. Na kiti anachokijua ni hiki." Akamwonyesha Jumwa, aliyelala mkekani.

Akapiga ngoma, akaimba wimbo wa kumshusha kwa ukamilifu wake, polepole, mpaka harufu ya udi ikaisha. Jumwa akafumbua macho akaomba chai. Munga nusura alie kwa furaha.

"Kaseti hizo zichomwe," Bi Nadira akasema. "Ziko nyingi?"

Jumwa alikuwa akimtazama mumewe, akitabasamu, kikombe mkononi.

"Hii, na ya Lenox," Munga akajibu.

Jua lilikuwa linazama simu ilipotetemeka mfukoni mwake. Akaitazama kwa kificho. Ukurasa wa mchango, uliozoea matusi, leo ulikuwa na shukrani. Imefika, mmoja aliandika, nisamehe kwa maneno yangu, naiwasha sasa na wanangu. Chini yake mwingine: yangu pia imefika. Na mwingine.

Bi Nadira, aliyekuwa akiifunga ngoma kwenye leso, akaacha kufunga. Akanusa hewa.

Jumwa akaweka kikombe chini, akapiga miayo.

"Mume wangu," akasema, "mbona usingizi unarudi?"