Ndevu Zilizotoka Ziwani

Jioni ile nilitoka kwenda kununua samaki tu.

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mabati ya Majengo, hapa Mpanda, na akina mama wa sokoni walikuwa wanawasha taa zao za chaji. Nilitaka migebuka. Mume wangu Krispini alikuwa anarudi kutoka Kapalamsenga, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na nilitaka akute chakula anachokipenda. Nilikuwa nimeinama nachagua ndipo nikasikia harufu nyuma yangu. Haikuwa ya samaki. Ilikuwa harufu ya maji yaliyokaa gizani... tope, majani yaliyooza, nguo iliyolowa ikasahaulika.

Nikageuka.

Alikuwa Krispini. Ameshuka kwenye gari akanifuata huko huko sokoni. Uso wake ulikuwa umefungwa bendeji kutoka sikio hadi sikio, lakini macho yalikuwa yanacheka.

"Zimeshika," akaninong'oneza. "Felista, zimeshika."

Ili unielewe, kwanza nikueleze uso wa mume wangu. Krispini alikuwa fundi redio, na kwenye kwaya ya parokia yetu alikuwa anaimba besi. Mwaka juzi jenereta ya karakana yake ilishika moto akiwa anamimina petroli. Moto ukamla shavu la kushoto, kidevu, na kisogo chote. Alipona. Lakini ngozi ilibaki imevutika, inang'aa kama nailoni iliyosogezwa karibu na jiko, na ndevu zikawa zinaota upande mmoja tu. Akinyoa, kovu linaonekana lote. Akiacha, anaonekana nusu mtu. Watu wa mtaani hawakumcheka. Walikuwa wanaangalia pembeni, na hilo ndilo lililommaliza. Akaacha kwaya. Akaanza kuvaa barakoa hata ndani ya nyumba. Tukila, anaiinua kidogo apitishe tonge, kisha anaishusha.

Tulikwenda Dar kwa daktari wa ngozi. Akatueleza kwa upole kwamba ndevu hupandikizwa. Wanachuma nywele na mzizi wake kisogoni, wanazipanda usoni mojamoja, kila moja ikilala upande wake, nyembamba zikitangulia na nene zikifuata, mpaka hata mke asijue ipi ya kuzaliwa na ipi ya kupandwa. Kisha akapapasa kisogo cha Krispini. Hapakuwa na pa kuchuma.

Njia nzima ya kurudi Mpanda mume wangu alikuwa anatazama videvu vya abiria wenzetu.

Habari za Aneth aliletewa na mteja. Alimwambia ni mwanamke aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kliniki za mjini, sasa karudi kwao Kapalamsenga, ziwani, anapanda ndevu hata penye kovu. Nilimuuliza Krispini hizo nywele zitakuwa za nani. Akanijibu kwamba Aneth hapendi swali hilo.

Bendeji zilipotoka, nililia kwa furaha. Sijawahi kuona kazi nzuri namna ile. Ndevu zilianza kama kivuli chini ya sikio, zikashuka shavuni zimelala, zikakusanyika kidevuni nyeusi tii. Kovu lilipotelea humo kama shimo kwenye nyasi. Chini ya taya zilijizungusha kidogo kama ganda la konokono, na pembeni ya mdomo palikuwa na uzi mmoja wa mvi. Nikadhani Aneth kauweka kwa makusudi, maana ndevu za kweli hazikosi kasoro. Krispini alichoma barakoa zake zote jikoni. Jumapili akarudi kwaya, na besi yake ikasikika mpaka nje ya kanisa.

Lakini harufu haikutoka.

Tulijaribu sabuni ya kipande, ndimu, hata spiriti. Akikauka tu, inarudi. Asubuhi mto wake ulikuwa umelowa. Nilidhani jasho, nikautoa nje kuukamua. Yakatoka maji yenye mchanga. Mchanga mweupe, wa ufukweni...

Mchana mmoja alijilaza kwenye kochi, akasinzia. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikamsikia anaongea. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyechoka sana.

"Ndaje... ndaje..."

Nililitambua kuwa Kirundi, maana Mpanda Warundi ni wengi, lakini Krispini ni Mfipa. Hajui Kirundi, wala hakukulia na Warundi. Nilikwenda kwa jirani yangu Providence, ambaye amezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba na wazazi wake walitokea Burundi, nikamuuliza hilo neno lina maana gani. Akasema ni neno la kawaida tu. Mtu akiitwa na watu wake, akiwa njiani, ndivyo anavyojibu: ninakuja.

Wiki hiyo hiyo akaja Athanasie. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuwa analeta migebuka mikavu kutoka ziwani, anapita nyumba kwa nyumba. Tulikuwa tunaelewana bei mlangoni, Krispini akatokea nyuma yangu kumsalimia.

Beseni la migebuka likamponyoka mama yule.

Hakupiga kelele. Alikanyaga samaki wake mwenyewe kumfuata. Akainua mkono, akapitisha kidole chini ya taya ya mume wangu, pale nywele zilipojizungusha, akazizungusha nacho taratibu, kama mtu aliyezoea. Krispini alifumba macho. Hakumzuia.

"Egide," mama yule akanong'ona.

Nilimketisha, nikampa maji, akanieleza. Egide alikuwa mume wake. Walihama Mishamo, makazi mengine ya wakimbizi wa Burundi, wakaenda kuishi Kapalamsenga, akawa mvuvi. Upepo ukapindua mtumbwi wake, na ziwa likakaa naye siku kadhaa kabla ya kumrudisha. Maiti ililazwa ikisubiri ndugu. Walipomfunua ili azikwe, uso ulikuwa mzima, ila kidevu kilikuwa cheupe, kimevimba, kimejaa vitundu vidogo vidogo.

"Waliniambia samaki wamemla ndevu," alisema. "Dada, ni samaki gani anakula ndevu akaacha macho?"

Krispini aliingia chumbani akachukua wembe. Alinyoa bila maji, bila kioo. Akajikata, akaendelea. Nilizifagia zile nywele nikazitia motoni. Hazikuungua haraka. Zilikuwa zinachemka.

Kabla ya jua kuzama zilikuwa zimerudi. Ndefu kuliko mwanzo.

Tukaenda Kapalamsenga. Nilitegemea kukuta tunguri na vitambaa vyekundu. Haikuwa hivyo. Chumba cha Aneth kilikuwa na vigae vyeupe, kinanukia dawa ya hospitali. Mwenyewe alikuwa amevaa glavu. Nje kwenye benchi alikaa mwanaume mwingine, kidevu chake kitupu, anasubiri zamu yake kwa uvumilivu. Nilitaka kumwambia akimbie. Aliponitazama, macho yake yalikuwa na njaa ile ile niliyoiona kwa Krispini tulipotoka kwa daktari. Nikapita.

Nilimwambia Aneth kwamba nywele zile amezitoa kwa maiti. Hakubisha.

"Huko kliniki kazi mbaya unaijua mara moja," alisema, sauti ya chini kabisa. "Wanailazimisha nywele ilale wanakotaka wao. Mimi naiacha ilale inakotaka yenyewe. Ndiyo maana inafanana na ya kuzaliwa."

"Zing'oe," nikamwambia.

Akamshika Krispini taya, akaminya. Akaminya tena, chini zaidi, kwenye koo. Kwa mara ya kwanza uso wake ukabadilika.

"Mizizi imepita ngozi."

"Imefika wapi?"

Akavua glavu, akaenda kunawa mikono kwenye beseni dirishani. Nilipogeuka kumtazama mume wangu, kiti kilikuwa kitupu. Kimelowa.

Nikatoka mbio. Jioni ilikuwa inaingia, moshi wa majiko umetanda chini. Nilimwona anakata katikati ya nyumba, hapepesuki, haulizi njia. Alikwepa kisiki ambacho mimi nilijikwaa. Mbwa waliotubwekea tulipofika sasa walikuwa wanamtingishia mikia. Nilimwita jina lake. Nikaliita tena na tena. Watu walitoka kutazama, na waliokuwa wanamfahamu Egide wakarudi ndani wakafunga milango.

Akafika kwenye nyumba ya matofali mabichi karibu na ufukwe. Akagonga.

Athanasie akafungua. Mtoto mdogo wa kike akachungulia nyuma ya kanga ya mama yake, akamtazama mume wangu usoni. Akatabasamu.

"Baba."

Athanasie alinitazama juu ya bega la Krispini. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Nilingoja amsukume. Nilingoja afunge mlango. Alisogea pembeni tu, akampisha.

Krispini alipokuwa ndani akageuka. Alinitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Karibu, dada," alisema. "Unamtafuta nani?"

Kaka zake walikwenda kumchukua. Walimleta Mpanda kwenye gari wamemshika mikono. Hakupigana. Hakula, hakulala, alikaa ameelekea magharibi, na mlango ulipoachwa wazi kidogo akaondoka. Mara ya pili walimkuta ziwani anashona nyavu. Akawakaribisha vizuri, kwa Kirundi, akaomba wamwambie ni watu wa wapi. Kaka yake mkubwa alirudi akiwa analia barabarani kama mtoto, na hawajakwenda tena. Padri alikwenda, akarudi peke yake. Providence ananiambia nimrudie Mungu, kana kwamba kuna mahali pengine ninakokwenda.

Juzi nilienda parokiani kupeleka nia ya misa, jina la mtu wa kuombewa. Katekista Melkiadi, aliyetufundisha ndoa sisi wote wawili, aliniuliza ni kwa ajili ya nani. Nikamtajia Krispini. Akaandika jina, kisha kalamu ikasimama.

Akaniuliza polepole, bila kuinua macho, amweke kwa wagonjwa au kwa marehemu.

Watu walikuwa nyuma yangu wanangoja.

Akaniuliza tena.