Nenosiri la Kaka

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili na sigara. Watu wanne, meza moja, mlango umekomewa. Mjomba alisimama, wengine walikaa. Ndivyo alivyopenda.

Kazi ilikuwa ya leo, na aliupitia mpango kwa mara ya mwisho. Kontena la shaba limekaa ghala la forodha, halijaruhusiwa kutoka. Litatoka adhuhuri, walinzi wakibadilishana zamu. Tairi ataendesha lori. Nyundo atakaa pembeni yake, maana Nyundo akikaa pembeni ya mtu maswali hupungua. Mjomba mwenyewe atabaki gerejini na kompyuta yake, awaangalie wote. Na Sikio atatangulia ghalani na koti la fundi wa mtandao, afanye ile kazi ambayo wengine hawakuiweza.

Wakamgeukia. Sikio alikuwa mwanamke wa maneno machache. Jina hilo lilimkaa kwa sababu ya kusikiliza nyaya. Aliwaeleza taratibu. Karani wa getini hajui kitu, alisema, anajua tu kile ambacho kioo chake kinamwambia. Lori likifika, kompyuta yake inabisha hodi kwenye seva, kule iliko hifadhidata ya mizigo yote. Inajitaja jina. Inaulizwa nenosiri. Ikikaribishwa, ndipo inauliza: kontena hili limeruhusiwa? Seva inajibu ndiyo au bado. Mazungumzo hayo yana itifaki yake, hayaruki hatua, na seva ile ni kuukuu. Inasema kila kitu waziwazi, hata nenosiri. Yeye atachomeka kijisanduku katikati ya waya. Seva itasema bado. Karani atasoma ndiyo.

"Na mimi nitaonaje?" Mjomba aliuliza.

Alimjibu kuwa kompyuta yake ameshaifungulia njia kupitia kijisanduku hichohicho.

"Kaka yako angekuwepo," Mjomba alisema, akimwekea mkono begani, "tusingehangaika hivi."

Sikio aliutazama ule mkono mpaka ukaondoka.

Kaka yake ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa fundi wa seva palepale ghalani, na mwaka jana alikubali kumletea Mjomba nenosiri lake. Angekataaje? Mjomba alikuwa ndugu wa mama yao, tumbo moja. Kwa maneno ya Mjomba, jioni ile walimngoja mpaka wakachoka, hakufika. Labda aliingiwa na woga, labda alipata dili kwingine akavuka mpaka. Simu yake haikupatikana tena. Mama yao aliacha kukomea mlango, mtoto asije akarudi akakuta pamefungwa. Na Sikio akaingia kwenye genge, kwa sababu nyayo za kaka yake zilikatikia hapo.

Saa tano na nusu.

Chumba cha nyaya kilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Mlinzi alimfungulia, akalalamika kuwa mtandao unasuasua, akaenda zake. Sikio alichomoa kebo, akapachika kijisanduku. Taa za kijani zilizimika. Akabana pumzi. Zikawaka.

Mazungumzo yakaanza kupita kwenye kioo chake. Geti la mbele. Geti la nyuma. Ofisi ya mhasibu. Hodi, jina, nenosiri, swali, jibu, kwaheri. Siku zote alipenda kuyasikiliza. Watu husalimiana huku wamekunja nyuso. Mashine zilisalimiana kwa adabu ileile, asubuhi mpaka jioni.

Ikaja hodi nyingine. Ilijitaja kwa jina la kaka yake.

Seva ikauliza nenosiri. Likaja: masikiopopo.

Hilo lilikuwa jina la utani ambalo kaka alimpa Sikio, tangu wakiwa watoto, kwa ajili ya masikio yake makubwa. Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo. Seva ikafungua mlango. Ofisi ilikuwa imemfuta kaka yake kwenye mishahara, ila hakuna aliyekumbuka kumfuta kwenye seva.

Kwa muda mfupi kaka yake alikuwa hai. Sikio alimwona kabisa, amekaa mahali fulani, mgongo umepinda, anachapa kwa vidole viwili kama kawaida yake. Alinong'ona, "Kaka." Feni ya swichi ya mtandao ikaendelea kuvuma.

Kisha amri zikapita kwa jina lile. Ya kwanza iliondoa lori la Tairi kwenye kontena la shaba na kuweka lori jingine, geti la nyuma. Ya pili iliamuru lori la Tairi likifika geti la mbele lizuiwe, na walinzi waitwe. Jina la kaka liliweza hayo tu, kupanga malori. Kuruhusu mzigo halikuweza. Hapo bado kilihitajika kijisanduku.

Sikio akatazama hodi ilikotoka. Kila anayebisha huacha anwani yake, na hii alikuwa ameitoa kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa ya kompyuta ya Mjomba.

Mjomba alisema kaka hakufika. Nenosiri lilifika.

Alimpigia Tairi. Akamwambia asiingie, ageuze lori, namba yake imewekewa mtego na Mjomba ameleta gari jingine. Simu ilikuwa kwenye spika. Ikasikika sauti ya Nyundo, chini chini, kama mtu anayeongea na nafsi yake.

"Kumbe hata mimi."

Sikio aliisikia ile "hata".

"Hata wewe baada ya nani, Nyundo?"

Mlango wa lori ukafunguka kwa kishindo. Tairi akaita mara mbili, akarudi kwenye simu akihema. Nyundo ameruka, alisema, anakimbia hata haangalii nyuma.

"Geuza, Tairi."

Akageuza.

Saa sita.

Lori la pili lilifika geti la nyuma. Swali la karani likapita. Jibu likarudi, bado, na kijisanduku kikalidaka. Sikio hakulibadilisha. Hakuliachia pia. Simu yake ikaita, na nyuma ya sauti ya Mjomba alisikia injini ikinguruma. Alikuwa ndani ya lile lori.

"Mpwa wangu, mbona kimya? Karani anasubiri."

"Ulisema utabaki gerejini."

"Mipango hubadilika. Fungua."

"Masikio popo," Sikio alisema. "Alikupa kwa hiari yake, au ulimlazimisha?"

Injini ikanguruma.

"Tutaongea nyumbani, mwanangu."

"Yuko wapi, Mjomba?"

"Fungua kwanza."

"Sema kwanza."

Mtu aligonga bodi ya lori kwa rungu, akauliza kunani. Mjomba akashusha sauti na kuongea haraka. Kijana alikuja, akatoa nenosiri, halafu moyo ukamgeuka. Akasema kesho yake atakwenda kueleza kila kitu. Wakasukumana. Hakukusudia. Nyundo alisaidia kumbeba tu.

"Machimbo ya kokoto, njia ya kaskazini. Chini ya mtambo mbovu. Nimesema. Sasa fungua, mama yako asipoteze wawili."

Mikono ya Sikio iliijua kazi. Alichomoa kijisanduku, akarudisha kebo mahali pake. Kompyuta ya karani ikabisha hodi upya, na safari hii seva ikaijibu yenyewe.

Kwenye simu ilisikika sauti ya karani, bila haraka: "Zima injini, mzee. Shuka."

Sikio alipita mbele ya mlinzi, akamwambia mtandao umetengemaa. Mlinzi akamshukuru. Kwenye kibanda cha simu cha barabara ya pili aliwapigia polisi, akawaelekeza machimboni, akakata kabla hawajamuuliza jina.

Mama alikuwa anashona sare za shule Sikio alipofika nyumbani. Bila kuinua macho, alimwomba ampigie mjomba wake. Paa linavuja tena, na aliahidi kuja kuliziba. Sikio akavuta kiti, akamwambia yote. Hakujiondoa humo: genge, kijisanduku, kazi alizofanya.

Mama hakulia. Mguu wake ulibaki juu ya pedali ya cherehani, cherehani imenyamaza.

"Mjomba wako alilala hapa," alisema hatimaye. "Ile wiki tuliyokuwa tunamtafuta. Alisema nisikae peke yangu. Akalala kwenye kitanda cha mwanangu, na asubuhi nikamchemshia maji ya kuoga."

Akasimama, akaingia chumba cha kijana wake. Shuka zilisikika zikivutwa. Sikio alipomfuata alimkuta ameinamia godoro, amelishika ncha moja, linamshinda.

"Shika huko," Mama alisema.

Walilitoa kiubavuubavu, likakwama mlangoni, wakalisukuma kwa magoti mpaka likapita. Wakalitupa uani. Mama akapumua, akajifuta uso kwa kanga, akarudi ndani kufuata mto.