Maji ya Mwalimu

Mwaka wa 1957, Achola alitembea kifua mbele katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru. Binti yake Awuor, wa darasa la nne, alikuwa amechaguliwa kumpelekea mwalimu wake maji nyumbani. Zamani hizo hiyo ilikuwa sifa kubwa.

"Mwalimu hachagui mtoto mvivu," Achola aliwaambia wenzake waliotia makaa kwenye gari la moshi. Mkewe Eucabeth naye alifurahi, akamshonea mtoto gauni.

Furaha haikudumu. Awuor alianza kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Jumapili tumbo lilipona lenyewe. Eucabeth alidhani ni uvivu, akamgombeza. Jioni moja, wakichambua mboga, mtoto alisema bila kuinua macho:

"Mama, nikifika na maji mwalimu anafunga mlango. Jana alinishika. Nikamponyoka. Alisema nikisema kwa mtu, nitaanguka mtihani."

Eucabeth alitamani kupiga kelele landi nzima isikie. Alijizuia, akamvuta mtoto karibu.

Achola aliporudi kutoka kazini akaambiwa, aliwaza mtihani kwanza. Mtihani wa darasa la nne haukuwa mchezo. Mtoto akianguka, masomo yameisha.

"Mwalimu si mtu wa kugombana naye," alisema mwishowe. "Nitampelekea kuku, nimwombe amsamehe mtoto hiyo kazi ya maji. Mambo yaishe."

Eucabeth hakuridhika. Alikwenda kumwita jirani yao, Bi. Nafula, aliyefundisha akina mama ushonaji na malezi. Bi. Nafula alisikiliza yote, kisha akamtazama Achola.

"Baba Awuor, kuku ni wa kuomba msamaha. Mtoto amekosa nini?"

Bi. Nafula aliendelea:

"Ukipeleka kuku, Awuor ataona kosa ni lake. Na mwalimu atachagua mtoto mwingine wa maji."

"Sasa tufanye nini?" Eucabeth aliuliza.

"Mwaminini mtoto, na mmwambie hivyo. Msimhoji kama mwizi. Asirudi kwenye nyumba ile. Kesho twende kwa mwalimu mkuu, sisi wote. Jambo hili halimalizwi nyumbani."

Eucabeth alimgeukia binti yake. "Nimekuamini. Umefanya vizuri kusema. Kosa si lako."

Hapo ndipo Awuor alipolia, na mama yake akamwacha alie.

Eucabeth hakuwahi kuingia ofisi yoyote maishani mwake. Lakini asubuhi iliyofuata, mbele ya mwalimu mkuu, alieleza kila kitu bila kupepesa macho, Achola amesimama kando yake, kofia mkononi. Mama wa namna ile ni wa kuvuliwa kofia kweli.

Wengine wangefunika kombe mwanaharamu apite. Mwalimu mkuu Kosgei hakufunika. Siku hiyo hiyo aliwaarifu polisi na wakubwa wa elimu, na mwalimu yule hakukanyaga darasa tena. Kisha akawaita wazazi wote wa shule.

"Kuanzia leo," alisema, "mtoto haendi nyumbani kwa mwalimu, iwe kwa maji, kuni au kufagia. Akibaki baada ya masomo, abaki mahali pa wazi penye watu. Na watoto wenyewe watachagua mwalimu wa kumpelekea shida zao."

"Na maji ya walimu je?" mzee mmoja aliuliza.

"Walimu wana mikono."

Wazazi walicheka. Kesho yake walimwona Kosgei mwenyewe akitoka bombani, debe begani, shati limelowa. Walimcheka tena, lakini heshima yake ilipanda.

Watoto walimchagua Mwalimu Njoki. Tumbo la Awuor lilinyamaza, na mtihani akapita.

Siku moja kabla ya kufunga shule, alimkuta msichana wa darasa la pili akilia nyuma ya darasa. Alimnong'oneza kwamba kuna mtu aliyemvizia njiani, akamwonya asiseme.

"Mimi nilisema," Awuor alimwambia, "na niliaminiwa. Twende kwa Mwalimu Njoki. Nitasimama na wewe."

Alimshika mkono, wakavuka uwanja pamoja.