Herufi ya Mwisho kwenye Shali

Mama Sindano hakuwa na haraka na jina la mtu. Ukienda dukani kwake akudarizie shali la mtoto mchanga, atakukalisha kwenye kigoda, atakuuliza jina, halafu atakuuliza maana yake. Ukimjibu "nimelipenda tu," atakutazama kama mtu aliyekuja kununua viatu bila kujua mguu wa mtoto. Mengi aliyajua mwenyewe. Irene ni amani, la Wagiriki. Viktoria ni ushindi, la Walatini. Isaka ni kicheko, la Waebrania. "Niliwahi kumdarizia Isaka mmoja," alipenda kusema, "nikaja kukutana naye ukubwani, hata meno yake sijayaona mpaka leo."

Alikuwa na mwiko mmoja tu, aliourithi kwa mama yake mzazi pamoja na mkasi na pete ya kushonea. Herufi ya mwisho haishonwi mpaka mtoto aletwe. Jina lisikae limekamilika bila mwenyewe. Wateja walicheka, lakini walimleta mtoto, naye alimalizia herufi ile huku mtoto amepakatwa mbele yake.

Mchana mmoja akaingia mwanamke mwembamba, mtaratibu, na shali lake jeupe mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mtaa mzima ni tope, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Akataja jina. Hilo jina silitaji hapa, na mtu asinibembeleze.

"La lugha gani hilo?" Mama Sindano akauliza.

"Ya kwetu."

"Na maana yake?"

"Nitakwambia nikimleta mtoto."

Basi akalidarizi kwa uzi wa buluu, akaiacha herufi ya mwisho. Mwanamke hakurudi. Shali likakaa kwenye kabati la kioo mpaka Mama Sindano akalizoea kama alivyoizoea saa ya ukutani.

Sasa, Mama Sindano alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo mimba zilikuwa zinamharibikia. Safari hii ilikuwa imefika mbali, tumbo liko mbele, na nyumbani hakuna aliyethubutu kufurahi kwa sauti. Siku hiyo alikuja dukani kupumzisha miguu, macho yakatua kwenye kabati.

"Mama, jina tamu hili."

"Lina mwenyewe."

"Yuko wapi huyo mwenyewe?" Akalitafuta kwenye simu, hakuona kitu. Akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu. "Basi wangu atakuwa wa kwanza."

Mama Sindano alikataa kwa mdomo. Lakini mjukuu alipozaliwa salama, wa kike, mzima wa afya, na binti akasimama dukani amempakata, macho yamejaa machozi, moyo wa Mama Sindano ukalainika. Akalitoa shali. Akatunga uzi. Akamalizia herufi.

Mtoto, aliyekuwa akitazama dari, akageuza uso kuelekea mlangoni. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Tangu hapo mtoto akawa si yule. Ukimwita, hageuki. Daktari akayapima masikio, akasema hayana kasoro. Kisha akaacha kulia. Halafu akaanza kukataa ziwa, akawa anapungua huku macho yake yakitazama pembeni, na binti naye akawa anapungua pamoja naye. Mama Sindano alilijua kosa lake, akaliogopa, akalinyamazia. Alitaka sana liwe jambo la hospitali.

Mchana mmoja, binti akiwa uani anaanika nguo, Mama Sindano alikaa jikoni amempakata mtoto. Binti akaliimba jina lile kwa nje, kama mama yeyote anavyomwimbia mwanawe.

"Abee."

Sauti ya mtoto wa kike. Imetoka chumbani.

Mama Sindano akamtazama mjukuu mapajani. Midomo imefumba. Chumbani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kitanda, na juu yake shali.

Binti akaingia jikoni, mikono bado inachuruzika maji. Naye alikuwa amesikia. Akaita tena, polepole sana.

"Abee."

"Fumua, mama," binti akanong'ona. "Fumua sasa hivi."

Mama Sindano alilibeba lile shali mpaka dukani mbio mbio, jua likiwa utosini, watu wakimsalimia asiitikie. Akakaa. Akachukua mkasi. Akaanza na herufi ya mwisho. Uzi ukakatika, ukatoka.

Mwanga wa mlangoni ukazibwa.

"Nimemleta mtoto," alisema yule mwanamke.

Mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani, kwa namna ya kupakata. Haikuwa imepakata kitu. Akalichukua shali, akaifunika ile mikono yake mitupu. Shali likavimba. Kitu kikajinyoosha ndani yake.

"Malizia."

Mama Sindano alimfikiria binti yake pale jikoni. Akatunga uzi. Kila alipochoma, kitambaa kilikuwa cha moto chini ya vidole vyake, na kilikuwa kinapumua. Hakuinua macho. Alipofunga fundo, mwanamke akamwinamia sikioni.

"Uliniuliza maana. Kwa lugha yetu ni Wangu."

Akatoka. Mama Sindano alirudi nyumbani, na kabla hajafika alimsikia mjukuu analia, kilio cha njaa, cha hasira, kitamu kuliko wimbo. Akakaa barabarani akalia naye. Walimpa mtoto jina jingine, la kawaida kabisa, ambalo ukiliita sokoni wanageuka watu wengi.

Jioni ile ile, walipomwogesha, wakaviona vitone mgongoni. Vidogo, kama matundu ya sindano, vimejipanga. Kwa kidole ungeweza kuvifuata ukalisoma jina lile la kwanza, isipokuwa herufi ya mwisho, ile aliyoifumua. Pale ngozi ilikuwa laini. Daktari alisema ni upele, utaisha na umri.

Mtoto sasa anakwenda shule, mcheshi, mbishi, anakula vizuri. Mama Sindano aliuza sindano zake zote na hata kifungo hashoni. Lakini kumwogesha mjukuu hajamwachia mtu, ingawa mtoto analalamika kwamba yeye ni mkubwa sasa.

Wiki iliyopita alimpaka sabuni mgongoni, mtoto akaruka.

"Bibi, panauma hapo."

"Wapi, mama?"

"Hapo mwisho. Yule shangazi mwembamba alinichoma. Akasema anamalizia kidogo kidogo."

Mama Sindano akamwagia maji taratibu, povu likaondoka. Herufi ya mwisho ilikuwa imeanzwa.