Hakusomewa

Asubuhi ya Jumatatu Asiya alikuta mashine yake ya kupiga chapa ina joto, kama mtu ameinuka kwenye kiti sasa hivi. Ofisi ilikuwa imefungwa, na ufunguo anao yeye. Akanusa. Mandazi yaliyoungua.

"Kaka Sylvère, nani amepikia humu?"

"Apike na nini, dada? Tangu embargo ifunge mipaka, sukari tunaiona mu ndoto," alijibu Sylvère, karani mwenzake.

Kazi yao wawili ilikuwa moja. Mtu anasimama mbele ya jaji, anasema, nao wanaandika maneno yake palepale. Mwisho karani humsomea yote aliyoyasema, ndipo anaweka kidole gumba cha wino. Asiposomewa, maneno hayajawa yake.

Lakini vita ilileta kuvrefe, jua likizama kila mtu awe ndani, na njia ya kurudi kwake Buyenzi ilijaa vizuizi vya askari. Asiya akaanza kufupisha. Kisha akaanza kuacha kusoma. "Weka kidole hapa, baba. Imekwisha." Nao, masikini, waliweka.

Ndivyo alivyomfanyia Népomuscène, muuza mandazi wa Kamenge. Alisema mbiombio, akilia: waasi walimwekea mke wake bunduki shingoni, ndipo akawapa chakula. Asiya akaandika: niliwapa waasi chakula. Bunduki ikabaki nje ya karatasi, na jaji huhukumu kwa karatasi. Népomuscène akafia gerezani. Asiya alipopata habari alisema inna lillahi, akaendelea kumenya ndizi zake. Mungu atusamehe, wengi wetu tungemenya.

Jumatatu ile, shahidi akiendelea kusema, Asiya alisikia mwingine nyuma ya sikio lake, taratibu, kama mtu anayemngoja karani amfikie.

"Umeandika? Niendelee?"

Alipochomoa karatasi, maneno ya shahidi hayakuwamo. Ilikuwa bunduki, bunduki, bunduki, mpaka chini.

Sauti ile ikamfuata nyumbani. Adhuhuri, paji la uso likiwa bado juu ya mswala, alisikia herufi zinagonga jikoni ambako hakukuwa na mashine, tak, tak, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikaja ikitambaa chini ya pazia, ikampanda mgongoni, ikamwingia puani na kinywani, mpaka ile tasbihi aliyokuwa akiisoma ikamkatikia kooni, naye akabaki ameinama vilevile, anaogopa kuinua kichwa asije akakuta miguu ya mtu mbele yake.

Akaenda kwa Shehe Moubarak, anayesomea wagonjwa. Shehe alimsomea Kur'ani sikioni, akampulizia maji, na Asiya akatoa sauti ya kiume.

"We nani?" shehe akauliza kwa upole.

"Mi wa Népomuscène. Nilizaliwa naye. Yeye amekwenda, maneno yake amenibebesha mimi."

"Utamwacha lini huyu?"

"Siku ananisomea. Mbele ya jaji, kama inavyotakiwa."

Asiya alipozinduka, shehe alimweleza kila kitu. "Kila mutu ana jini wake wa kufuatana naye, mwanangu. Huyu haombi damu wala kuku. Nenda, kiri, soma."

"Watanifunga, shehe."

"Inawezekana."

"Si nisome nyumbani? Mungu yuko kila mahali."

Shehe alifunga chupa yake ya maji.

Asiya akasoma nyumbani, peke yake, mlango umefungwa. Alimrudishia Népomuscène bunduki yake, na mke, na machozi. Ila alipofika mahali pa kusema kwamba karani hakumsomea, aliparuka, akasema amina.

"Umefupisha tena," sauti ikanong'ona shingoni mwake.

Alhamisi jioni, kesi ya mwisho imekwisha, miguu ilimwinua Asiya kitini na kumpeleka mahali wanaposimama watu wa kuulizwa. Hakuiamuru. Akasikia mdomo wake mwenyewe unasema, kwa sauti yake mwenyewe, wazi kabisa:

"Mi Asiya, karani. Niliwapa waasi chakula."

Jaji akavua miwani. Wallahi, ndani ya kichwa chake Asiya alikuwa akipiga kelele, akimlilia Mungu, akimlilia mama yake aliyekufa, akitafuta neno moja tu la kuongeza, si mimi, nimeingiliwa, muulizeni shehe, lakini ulimi ulilala kinywani kama kipande cha nyama ya mtu mwingine, na Sylvère aliandika.

"Bwana jaji, nimsomee?"

Jaji akatazama dirishani. Jua lilikuwa linaingia milima ya Kongo.

"Kuvrefe hii. Maliza."

Sylvère akasogeza wino bila kumtazama usoni. "Weka kidole, dada. Imekwisha."

Mkono ukaenda wenyewe. Kidole kilipogusa karatasi, harufu ya mandazi ikakatika, na ulimi wa Asiya ukamrudia.

"Sikusema hivyo," alisema.

Mashine ilikuwa imeshafunikwa.