Matairi Tisa

Mgeni alifika tanurini asubuhi bila taarifa. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, amebeba kisanduku cha kupimia moshi. Msichana wa darasa la sita alikuwa amempelekea baba yake chai. Baba alikuwa mchomaji wa matofali.

"Nchi yetu inataka kujua inatoa moshi kiasi gani, na kwa nini," mpimaji alieleza. "Namtafuta mtu wa kuandika kila kinachoingia motoni, kwa siku saba."

"Mpe huyo binti," mfyatuaji mmoja wa matofali alisema. "Sisi tukishika kalamu, inatokwa jasho." Wenzake wakacheka.

"Utaandika kweli tupu?" mpimaji alimuuliza msichana.

"Nitaandika, shangazi. Siku zote saba."

Tangu hapo wakamwita Karani. Siku nne aliandika pumba za mpunga. Siku ya tano, kiwanda cha chakula cha mifugo kilinunua pumba zote sokoni, bei ikapanda maradufu. Mwenye tanuri akaleta matairi makuukuu.

"Haya ni ya bure," alisema. "Matofali yasipoiva, mteja ataondoka, na nyinyi mtaondoka."

Baba aliyatupa motoni moja baada ya jingine. Moshi mweusi ukatanda. Ng'ambo ya barabara, mama mmoja alianua nguo za mtoto huku akikohoa. Karani akaandika: matairi tisa.

"Mwanangu, ungeandika pumba tu," Baba alimwambia wakirudi nyumbani. "Nikikosa kazi hii, tutakula nini?"

"Niliahidi, baba."



Siku ya saba mpimaji alirudi. Alisoma daftari, akainua macho. "Matairi?"

Mwenye tanuri alicheka. "Mambo ya watoto hayo. Muulize baba yake."

Wafyatuaji wakasimamisha kazi, wakasikiliza. Karani aliinamisha kichwa.

"Yalikuwa tisa," Baba alisema taratibu. "Niliyatupa kwa mikono hii."

"Basi mikono hiyo ikapumzike," mwenye tanuri alisema. " Kesho usije."

"Nitaandika na bei ya pumba," mpimaji alisema. "Bila hiyo, asiyetujua atadhani tunapenda moshi."

Baba alichukua shati lake msumarini. Karani alimfuata hadi njiani akilia kwa kwikwi. "Nimekuponza, baba."

"Hukuniponza." Baba alisimama. "Sikiliza, mama. Watu huchoma kile wanachokimudu. Lakini tukificha tunachochoma, nani atajua kwamba tunahitaji msaada wa kupata kilicho safi? Ulifanya vyema. Mimi ndiye niliyeogopa."

Karani alijifuta machozi kwa kiganja. Kisha akarudi peke yake mpaka kwa mpimaji, mbele ya mwenye tanuri aliyekuwa amefura kwa hasira.

"Shangazi, nipe daftari. Siku ya leo bado."

Akachungulia mdomo wa tanuri, akaandika polepole: Siku ya saba, matairi mawili.